Sarafu Zisizotaja Kwao

Kuna sarafu ya fedha ya karne ya 8 ambayo inaenea juu ya ukucha wa kidole gumba. Upana wake ni milimita 12 hivi, uzito wake gramu 1 na ushei. Upande mmoja una uso wa mtu anayetazama mbele, macho kayakodoa, nywele na ndevu zimesimama. Upande wa pili una mnyama wa ajabu aliyegeuza shingo kuelekea mkia wake. Haina jina la mfalme, haina mwaka, haina mji. Imeokotwa Uingereza, Uholanzi na Denmark, na kwa miaka mingi watafiti walibishana ni ya wapi.

Za aina yake ni nyingi. Kati ya mwaka 660 na 1000 pwani za Bahari ya Kaskazini zilijaa sarafu za fedha, na kwa muda mrefu wa kipindi hicho sarafu hizo zilinyamaza kuhusu mahali zilikopigwa chapa. Kuipata karakana ya sarafu si mchezo wa wakusanyaji tu. Maandishi ya zama hizo ni machache mno. Anayejua sarafu ilitoka wapi anajua soko lilikuwa wapi, nani alilitoza ushuru, na biashara ilivuka bahari kwa njia ipi. Historia ya utafutaji huo inafundisha pia jambo lingine: jina la mji halikuwekwa kwenye sarafu ili kumpendeza msomaji. Liliwekwa pale alipotakiwa mtu wa kuwajibika.

Dhahabu inakwisha, 600–675

Mwanzoni mwa karne ya 7 pesa za Ulaya Magharibi zilikuwa za dhahabu. Katika nchi ya Wafaranki, chini ya wafalme wa Wamerovinji, wafua sarafu walipiga vipande vidogo vya dhahabu vilivyotaja jina la mfua na jina la mahali. Mamia ya mahali yanajulikana kwa njia hiyo: miji ya maaskofu, ngome, hata vijiji. Mfua aitwaye Madelinus, kwa mfano, aliandika jina lake pamoja na la Dorestad, bandari ya mto Rhine katika Uholanzi ya leo, na sarafu zake zikaigwa huku na huko hata baada yake.

Dhahabu hiyo ilitegemea sana kile kilichoingia kutoka Bizanti. Kilipopungua, mafundi walianza kuichanganya na fedha, mwaka hata mwaka, mpaka sarafu zikapauka. Kufikia miaka ya 670 Wafaranki na Waingereza walikuwa wamehamia kwenye fedha. Badiliko hilo linaonekana wazi kwenye sarafu za Kent zenye jina Pada, lililoandikwa kwa herufi za runi: nyingine ni za dhahabu iliyopauka, nyingine ni za fedha tupu.

Matokeo yalikuwa makubwa. Kipande cha dhahabu kilikuwa na thamani kubwa mno kwa mnunuzi wa sokoni, bali peni ya fedha ilifaa kununulia nafaka, sufu na vyungu. Pesa zikaenea kwa watu wengi. Lakini katika Uingereza na Frisia, yaani pwani ya Uholanzi ya leo, maandishi yaliporomoka. Michoro ya ndege, misalaba na nyoka ilichukua nafasi ya majina.

Peni bila jina, 675–750

Watafiti huziita peni hizi za mwanzo sceatta. Wingi wa michoro yake ulikuwa umewachosha wataalamu hadi Stuart Rigold, katika miaka ya 1960 na 1970, alipozipanga kwa herufi: kundi A, B, C na kuendelea. Mpango wake haukusema kila kundi lilitoka wapi, ila uliwapa watu lugha moja ya kuulizana. Swali la mahali lilibaki kwa D. M. Metcalf wa Oxford, aliyelifanyia kazi kwa miongo kadhaa.

Hoja ya msingi ni nyepesi. Sarafu hudondoka zaidi karibu na mahali zinapotumika, na nyingi hutumika karibu na zilikopigwa. Kwa hiyo chora ramani, weka nukta kila ilipookotwa moja, kisha tazama nukta zinasongamana wapi. Ugumu ni kupata nukta za kutosha. Hazina iliyofukiwa haifai sana kwa kazi hii, kwa kuwa ni mali ya mtu mmoja aliyeikusanya mahali pamoja na kuificha kwingine. Hazina ya Aston Rowant iliyopatikana Oxfordshire kati ya 1971 na 1974 ina sarafu zaidi ya 300 zilizofukiwa karibu na mwaka 710, na nyingi kati yake zilipigwa ng'ambo ya bahari. Anayetegemea hazina hiyo peke yake ataamini kwamba karakana za Kifrisia zilikuwa katikati ya Uingereza. Sarafu mojamoja, zilizodondoka mfukoni bila mwenyewe kujua, ndizo mashahidi wazuri.

Mfano ulio safi kabisa ni Hamwic, mji wa biashara wa wafalme wa Wessex, chini ya Southampton ya leo. Wanaakiolojia walichimba humo mitaa, visima na mashimo ya taka, wakakuta sarafu za kundi H kwa wingi. Nje ya mji huo kundi H ni adimu. Hapakuwa na haja ya maandishi: zilipigwa hapo, zikatumika hapo, zikapotea hapo. Kwa njia hiyo hiyo kundi R, lenye runi za majina kama Wigræd na Tilbeorht, liliwekwa Anglia Mashariki, Ipswich ikiwa soko lake kuu. Sarafu chache zilizosema waziwazi LVNDONIA ziliwapa watafiti mahali pa kuanzia kwa London.

Upande wa pili wa bahari, mawimbi ya Domburg, katika kisiwa cha Walcheren, yaliwatolea watu mamia ya sarafu kutoka mchangani. Kutokana nazo na zile za Dorestad, makundi D na E yaliwekwa kwenye midomo ya Rhine. Kundi E, lenye mchoro wa mistari iliyosimama ambao wakusanyaji waliufananisha na nungunungu, lilipigwa kwa wingi mno na kuingia Uingereza pamoja na bidhaa za Wafrisia.

Kilichoibadili kazi hii ni mashine za kutambua metali. Kuanzia miaka ya 1970 wapenzi wa mambo ya kale walizunguka mashambani nazo, na sarafu ambazo jembe lilikuwa likizipita kwa karne 12 zikaanza kutoka. Mwaka 1997 Jumba la Makumbusho la Fitzwilliam huko Cambridge lilianza kuziweka zote kwenye orodha moja, kila sarafu na mahali ilipopatikana. Nukta zikaongezeka, na ramani zikabadilika. Kundi J, ambalo lilidhaniwa kuwa la kusini, lilihama: nukta zake za Northumbria zilikuwa nyingi mno, na leo linahesabiwa kuwa la York.

Sasa turudi kwa yule mwenye macho ya kukodoa, anayeitwa kundi X. Wataalamu wa zamani walimweka Uingereza, wengine Frisia. Uchimbaji wa Ribe, bandari ya magharibi ya Denmark, uliuvuruga mjadala. Katika tabaka za udongo za karakana za mafundi wa shanga na vitana, sarafu za kundi X zilitoka zikiwa nyingi kuliko aina nyingine zote. Metcalf akadai kwamba zilipigwa hapo hapo. Waliopinga waliona vigumu kuamini kwamba Denmark ya karne ya 8, isiyo na dola inayojulikana kwa maandishi, ingeweza kumiliki sarafu yake. Mwaka 2018 ikapatikana hazina ya Damhus, karibu na Ribe, yenye sarafu zaidi ya 200, kwa wingi za kundi hilo. Hoja ya Ribe ikapata nguvu, na pamoja nayo picha ya historia ikageuka: huko kaskazini palikuwa na mtu mwenye uwezo wa kuamuru pesa ipi itumike sokoni, kizazi na zaidi kabla ya meli za Waviking kutisha Uingereza.

Wafua sarafu wanajitaja, 755–796

Katikati ya karne ya 8 fedha iliadimika na sarafu nyingi zikaharibika. Wafalme ndipo walipoingilia kati. Mwaka 755 Pippin, mfalme wa Wafaranki, aliagiza kwamba ratili moja ya fedha isitoe zaidi ya shilingi 22 za hesabu, na mfua abaki na moja kama ujira wake. Sarafu zikawa pana na nyembamba, na jina la mfalme likakaa juu yake.

Uingereza, Offa wa Mercia aliyetawala kuanzia 757 hadi 796 alifuata mkondo huo kwa uzuri usio wa kawaida. Peni zake zina jina lake upande mmoja na jina la mfua upande wa pili. Mji haumo. Christopher Blunt, katika utafiti wake wa mwaka 1961, alilitatua fumbo hilo kwa kuwafuata wafua wenyewe. Babba na Udd walimpigia sarafu Ecgberht, mfalme wa Kent, kisha wakaonekana wakimpigia Offa alipoishika Kent. Mfalme alibadilika, wafua walibaki. Hivyo karakana yao ilikuwa Kent, na mji wa kufaa ni Canterbury. Lul naye alimpigia Æthelberht wa Anglia Mashariki, ambaye Offa aliamuru akatwe kichwa mwaka 794. Lul akaendelea kufanya kazi chini ya Offa, na baada ya Offa kufa akampigia Eadwald, mfalme wa eneo lilelile.

Wakati huohuo, katika nchi za Khalifa, jambo hili halikuwa fumbo hata kidogo. Kuanzia mageuzi ya Khalifa Abd al-Malik mwaka 79 wa Hijra, yaani 698–699, kila dirhamu ya fedha ilitaja mji na mwaka: Damascus, Basra, na baadaye kidogo Wasit. Dola iliyokuwa na ofisi, madaftari na magavana ilitaka kujua fedha mbovu imetoka kwa gavana yupi. Offa mwenyewe aliziona sarafu za Waarabu. Dinari moja ya dhahabu iliyoko Makumbusho ya Uingereza imenakili dinari ya mwaka 157 wa Hijra, pamoja na maneno ya Kiarabu ambayo fundi hakuyaelewa, na kati ya mistari hiyo limechomekwa jina OFFA REX. Alichukua umbo, hakuchukua utaratibu.

Jina linakuja, linafutwa, linarejeshwa, 793–864

Charlemagne, mfalme wa Wafaranki baada ya Pippin, alikuwa na sababu zaidi ya kufuata utaratibu. Katika mageuzi ya 793–794 aliifanya peni kuwa nzito zaidi, na akaweka jina la mji kuzunguka sarafu: Dorestad, Milan, Melle na kwingineko. Melle, magharibi mwa Ufaransa, ni pa pekee kwa sababu karakana ilikaa juu ya machimbo ya fedha na risasi. Mwanawe, Louis Mcha Mungu, aliuandika mji huo METALLVM na kuchora nyundo na mihuri ya kufulia sarafu kwenye baadhi ya vipande.

Kisha, karibu na mwaka 822, Louis huyohuyo alifuta majina ya miji. Sarafu zake mpya zilifanana katika milki yote: msalaba upande mmoja, hekalu upande wa pili, na maneno XPISTIANA RELIGIO, dini ya Kikristo. Ilikuwa siasa ya makusudi. Milki moja, imani moja, sarafu moja, na mtu wa Italia asione tofauti na mtu wa Rhine. Watafiti wa leo, Simon Coupland akiwa mbele yao, wamezitenga tena kwa kupima mambo madogo: umbo la herufi, ngazi za hekalu, nukta kati ya mikono ya msalaba, kisha ramani ya zilipookotwa. Fundi aliyeamriwa kufanana na wenzake hakuweza kuuficha mkono wake.

Milki iligawanyika baada ya 840, na sarafu mbovu zikazagaa. Mwaka 864, kwenye amri ya Pîtres, mfalme Charles Kipara alikata shauri. Akazitaja kwa majina karakana zilizoruhusiwa: jumba la mfalme, Quentovic pamoja na Rouen, Reims, Sens, Paris, Orléans, Chalon, Melle na Narbonne. Akaeleza hata sura ya sarafu: jina lake kuzunguka upande mmoja na monogramu katikati, jina la mji kuzunguka upande wa pili na msalaba katikati. Sababu iko ndani ya amri yenyewe. Alitaka pesa mpya, safi, na mahali pa kumtafuta aliyeivuruga. Haikupita muda sarafu za sura hiyo zilipigwa katika miji mingi kuliko aliyoiorodhesha, na majina yake yakawa orodha ya mabwana wa mitaa waliojitwalia haki hiyo.

Mkono uliokatwa, 880–1018

Uingereza ilifika hapohapo kwa njia ndefu. Mfalme Alfred, karibu na mwaka 880, aliweka monogramu ya London kwenye peni zake. Mjukuu wake Æthelstan, kwenye sheria za Grately za miaka ya 920, aliamuru pawe na sarafu moja katika nchi yote ya mfalme, na mtu asipige sarafu nje ya mji. Kisha ikafuata hesabu: Canterbury wafua 7, wanne wa mfalme, wawili wa askofu mkuu, mmoja wa abati, London 8, Winchester 6. Mfua aliyepatikana na hatia ya kughushi alikatwa mkono aliotendea kosa, na mkono huo ukatundikwa kwenye karakana.

Karibu na mwaka 973 mfalme Edgar alikamilisha kazi. Tangu hapo kila peni ilibeba mambo matatu: mfalme, mfua na mji. Chini ya Æthelred II karakana zilizidi 60, na sarafu zote zilirudishwa na kupigwa upya kila baada ya miaka michache. Mpimaji aliyekuta peni nyepesi alijua nani wa kumkamata na wapi.

Hata hivyo nafasi ilikuwa ndogo na majina yalikatwa. LVND ni London na EOFER ni York, hapo hakuna taabu. Lakini LEIG ni Chester na LEHER ni Leicester. HEORT ni Hertford na HER ni Hereford. Herufi ikisagika, sarafu inahama maili mia. Wataalamu huamua kwa jina la mfua, maana wafua wa kila mji wanajulikana, na kwa kulinganisha mihuri.

Kwa ajabu, orodha bora ya karakana hizi haikuanzia London bali Stockholm. Kati ya 991, Waingereza walipolipa ratili 10,000 ili Waviking waondoke, na 1018, mfalme Cnut alipotoza 72,000 na London peke yake 10,500, fedha nyingi ilivuka bahari. Ratili moja ilikuwa peni 240, kwa hiyo malipo ya kwanza peke yake yalikuwa sawa na peni 2,400,000. Makumi ya maelfu zimefukuliwa Skandinavia, na mwaka 1846 Bror Emil Hildebrand alichapisha katalogi yake kutokana na zilizoko Sweden.

Jina linapodanganya

Hapo ndipo mtego mpya ulipotegwa. Karibu na mwaka 995 mfalme Olof Skötkonung alianza kupiga sarafu Sigtuna, Sweden, akiiga peni za Æthelred. Nyingine zilitaja Sigtuna. Nyingine zilinakili tu jina la Æthelred na la mji wa Kiingereza.

Mtafiti Brita Malmer ndiye aliyeufichua uongo huo, na silaha yake ilikuwa nyundo ya mfua. Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili: wa chini umekitwa kwenye gogo, wa juu hushikwa mkononi na kupigwa. Wa juu huchakaa mapema, unabadilishwa, na wa chini unaendelea na mwenzake mpya. Kwa hiyo sarafu mbili zenye uso uleule na migongo tofauti zilitoka benchi moja. Malmer alifuatisha maungano hayo sarafu kwa sarafu mpaka mnyororo ukaanzia kwenye vipande vinavyosema Sigtuna na kuishia kwenye vinavyodai kuwa vya Uingereza. Huko Sweden hakukuwa na mpimaji wa Æthelred wa kumwogopa. Jina la mji lilibaki pambo la kuvutia imani ya mnunuzi.

Fedha yenyewe inahojiwa

Mwaka 2024 Jane Kershaw, Stephen Merkel, Rory Naismith na wenzao walichapisha matokeo ya kupima sarafu 49 za miaka ya 660 hadi 820 zilizoko Fitzwilliam. Walichukua chembe ndogo kwa leza, wakapima chembe za dhahabu na isotopu za risasi zilizomo. Sarafu za kabla ya 750, za Uingereza, Frisia na Ufaransa, zilikuwa na fedha ya Bizanti, ambayo haikuwa ikiingia tena kwa wingi wakati huo. Maelezo yao ni kwamba matajiri waliyeyusha vyombo vya zamani vya mezani, vya aina iliyozikwa katika kaburi la Sutton Hoo, Uingereza. Baada ya 750 fedha ya Melle inaanza kutawala. Kipimo hiki kinataja asili ya madini, hakitaji karakana. Sarafu ya London inaweza kuwa na fedha ya Melle. Lakini kinaeleza kwa nini peni zisizo na jina zililipuka ghafla katika miaka ya 670: mali iliyokuwa kabatini iliingia sokoni.

Mtambwe Mkuu

Pwani yetu ina fumbo la ukoo huohuo. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilipatikana hazina ya karne ya 11 yenye sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Za fedha zina majina ya watawala, Ali bin al-Hasan akiwa mmojawapo, na maneno ya kumtegemea Mungu yenye vina. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, zilitoka nyingine za zamani zaidi. Hazitaji mji. Zimetambuliwa kuwa za pwani kwa hoja ileile ya Hamwic: zinaokotwa hapa, kwingine ni adimu.

Watawala hao walizijua dirhamu na dinari zinazotaja miji yake, na bado hawakutaja yao. Katika mji ambao mtawala, mfua na mfanyabiashara walisali msikiti mmoja, jina la mtawala lilitosha kuwa dhamana. Kwa sababu hiyo ushahidi wote wa karakana zao umo katika mahali kila sarafu ilipolala. Inayotolewa ardhini na kuuzwa bila kuandikwa ilikotoka hubaki na uzito wake wa fedha, na historia haipati kitu kwake.